Yani Bila S

Yani mwanangu,

Marahaba. Naitikia mapema kabisa, maana utakapoifungua barua hii utakuwa umeshafika kwa watu, shikamoo yako haitanifikia, na mimi sipendi mtoto wangu abaki na salamu mdomoni.

Naandika kwenye meza ya mgahawa, ile ya pembeni yenye mguu mfupi. Wateja wa mchana wameondoka. Mafundi wa gereji hapo nje wanabishana kuhusu gia boksi ya mtu, na mimi hata nyama ya supu ya kesho sijaikata. Wewe na mama yako mmepanda Nkoaranga kumuaga bibi. Nilikataa kuja, nikasema nina kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii. Barua nitaiviringisha pamoja na randa yako kwenye kile kitambaa cha bluu, kwa sababu nakujua: nguo utazifungua ukikumbuka, lakini randa utaitafuta siku ya kwanza.

Ya soksi, ya sala na ya kula vizuri, mama yako ameshayasema mpaka umeanza kuitikia kabla hajamaliza. Sitayarudia. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya jina lako. Jina ndilo linalokupeleka Latvia, na jina nilikupa mimi, kwa hiyo wa kulaumiwa yuko hapa mezani. Tena wajina wako wa huko ameniuliza swali moja, yapata wiki mbili sasa, na nimeshindwa kumjibu. Nitafika kwenye swali hilo. Nivumilie, unajua siwezi kwenda moja kwa moja.

Hadithi ya mlimani unaijua, lakini unaijua kwa vicheko, vile ninavyowasimulia wateja. Leo nisikilize bila kucheka. Haya, cheka kidogo.

Nilikuwa mpishi wa mlimani. Wengine walibeba mahema na mabegi, mimi nilibeba sufuria, mafuta ya taa na mayai, na yai halikuvunjika mikononi mwangu. Mama yako alikuwa na mimba yako, tumbo limeshashuka, na mimi nikakubali safari ya Mlima Meru. Wageni walikuwa wawili, kutoka nchi ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia hata kwenye redio. Mmoja Andris, mwembamba, mwenye haraka. Mwingine fundi seremala, mrefu, mikono mikubwa, anacheka polepole. Alijitambulisha kuwa ni Janis, na kwao inatamkwa Yaanis. Tukapanda kutokea geti la Momela, askari wa hifadhi mbele na bunduki yake kwa ajili ya nyati.

Wakati wa kushuka, Janis akaenda pembeni kujisaidia. Ukungu ukaja, ule wa Meru unaoujua, huoni hata vidole vyako. Tukasubiri, haji. Andris akasimama ukingoni, akaanza kupaza sauti: "Yaani! Yaani!"

Haki ya Mungu, nilijua mzungu huyu anaongea Kiswahili. Nikadhani anataka kunieleza jambo, ameanza sentensi imemkwama. Nikamsogelea kwa heshima zote.

"Yaani nini?"

Hakunitazama hata. "Yaani!"

"Yaani nini bwana? Malizia!"

Askari naye akaja. Tukasimama watu wazima wawili tunamsubiri mgeni amalizie sentensi yake, na kumbe mtu yuko chini bondeni, mguu umeteguka, analia na maumivu. Ni mpaka sauti ilipoitikia kutoka huko chini ndipo nikaelewa kwamba hakukuwa na sentensi yoyote. Alikuwa anamwita mtu.

Nilimbeba mgongoni mpaka kambi ya Miriakamba, tukipokezana na askari. Alikuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi, na alikuwa anataka kuzimia. Kila baada ya hatua kadhaa nilimuuliza, "Upo?" Nikamfundisha kujibu, "Nipo." Njia nzima tukaenda hivyo kwenye ukungu. Upo? Nipo. Upo? Nipo. Mpaka leo Kiswahili chake hakijavuka sana hapo.

Jioni yake akakaa nami jikoni, mguu juu ya ndoo. Kiingereza chake kilichechemea na changu kilichechemea, tukaelewana vizuri. Nikamuuliza, wewe umeniambia ni Janis, mbona mwenzako anakuita Yani? Akanieleza kwamba kwao jina la mwanaume lazima liwe na s mwishoni, karibu yote: Janis, Andris, Peteris. Ya wanawake yanaishia na a au e. "Wewe Baraka," akasema, "kwetu ungekuwa dada." Akanibandika s yake, nikawa Barakas mpaka getini, na wapagazi walinicheka msimu mzima. Lakini ukimwita mtu, akasema, ile s inaanguka. Ukimtaja ni Janis amelala, Janis amekula. Ukimwita, ni Yani.

Nikamuuliza, ninyi ni kabila gani? Si unajua sisi, hatuwezi kunywa chai na mtu kabla hatujajua ukoo wake. Akachukua viazi kwenye beseni langu. Kimoja akakiweka magharibi, akasema hawa ni Wakurshi, watu wa baharini. Kingine Wazemgali, wa tambarare. Kingine Waseli. Kingine, kikubwa, mashariki: Walatgali, ambao jina la Walatvia wote limetoka kwao. Halafu akachukua kitunguu akakiweka ukingoni kabisa, ufukweni. Hao ni Walivi, akasema, si kiazi, lugha yao haifanani na ya kwetu hata kidogo, lakini walikuwepo pale na wamo ndani yetu. Kisha akaja Mjerumani, akaweka kisu. Akaja na mwingine, na mwingine. Babu zake walikuwa mali ya shamba, wanamlimia bwana kwenye ardhi yao wenyewe, hawana hata jina la ukoo. Walipoachiwa huru wakaambiwa kila mtu awe nalo, wakachukua vitu walivyokuwa wanaviona: mti, ndege, kilima. Jina la ukoo wake yeye maana yake ni kilima kidogo. Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Mtu anaitwa Kilima Kidogo, anatoka nchi ambayo mlima wake mrefu kuliko yote hapa kwetu tungeulima mahindi, na amekuja kutegukia mguu Meru!

Nikamwambia na sisi si kiazi kimoja. Wengine wanasema tulitoka Usambara, Wamachame wanasema sisi ni ndugu zao tuliohama, na kila ukoo una njia yake uliyokuja nayo mpaka kwenye mlima. Nikamwambia habari za Ngarenanyuki pia, jinsi wazee wetu walivyoondolewa kwenye ardhi yao ili wapewe walowezi. Halafu akaninyooshea kikombe chake, nikamwongezea chai.

Wapagazi walikuwa na njaa, kwa hiyo Walatvia wote nikawamenya nikawatia kwenye sufuria. Kwanza nikamuuliza, na hiki kitunguu, bado wapo? Akasema lugha yao imebaki kwa watu wa kuhesabu. Nimekikumbuka kitunguu kile mara nyingi, Yani. Wewe Kimeru unakisikia, lakini kukisema unaona haya, unamjibu bibi yako kwa Kiswahili. Hilo ni langu. Tulipohamia Sakina, mjini, niliona Kiswahili na Kiingereza ndivyo vitakavyokulisha, na nyumbani nilikuwa nachoka, ikawa rahisi kusema "lete chumvi" kwa lugha ambayo ungeijibu haraka. Hakuna siku nilikaa nikaamua kukunyima. Ilikwenda tu, na sasa unaondoka na sina cha kukufungia.

Niliposhuka nilikuta umeshazaliwa. Na hapa ndipo pabaya.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume humbeba babu yake mzaa baba kwa jina. Hilo halina mjadala, hata wasio na akili wanalijua. Babu yako alikuwa Ndekirwa, na alikuwa ameshaambiwa, alikuwa amekaa kwenye kiti chake ananisubiri. Lakini mimi na yeye tulikuwa hatuelewani mwaka ule. Alitaka nibaki kwenye kahawa. Aliniambia mbele ya wadogo zangu kwamba nimegeuka punda wa wazungu. Neno lile lilinikaa hapa kooni. Basi nikaingia ndani na matope yangu ya mlimani, mama yako amekupakata, babu akauliza, haya, mjukuu wangu anaitwa nani? Nikasema, "Yani."

Akasubiri. Yule mzee akasubiri sentensi imalizike, kama nilivyosubiri mimi.

"Yaani nani?"

"Yani tu, baba."

Alichukua fimbo yake akatoka, na mama yako akaanza kulia. Mimi nilijiona mwanaume kweli kweli siku hiyo. Kanisani nako vita. Mchungaji kauliza yaani nani, katibu wa usharika kagoma kuandika a mbili kwa sababu zikiwa mbili ni neno, si jina. Shuleni unajua mwenyewe walivyokutesa. "Yaani nini? Yaani nani?" Ulirudi siku moja sare imechanika, ukaniuliza kwa nini sikukupa jina la watu. Nilikununulia soda. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Babu yako alikupenda, usifikirie vingine. Alikuchongea kiti kidogo, alikufundisha kushika patasi kabla hujajua kusoma. Lakini hakukuita jina lako hata siku moja. Alikuita "wewe kijana". Akafa ukiwa darasa la nne, akiamini hana mtu aliyembeba.

Sasa sikia nilichokijua mwezi wa sita mwaka huu, na bibi yako nimemwomba asikuambie, nikuambie mwenyewe. Huko kwao kila siku ya kalenda ina majina yake. Siku ya jina lako ikifika watu wanakuja nyumbani bila kualikwa, ukiwa na chakula ukiwa huna. Na siku ya kina Janis ndiyo kubwa kuliko zote, wanakesha kwenye moto, wanavaa mataji ya majani ya miti, wanakula jibini na kunywa pombe yao, nchi nzima. Wajina wako hukutumia salamu kila mwaka siku hiyo, unajua. Mwaka huu nikamuuliza tu, kwa kupitisha muda, huyo Janis wa kwanza alikuwa nani hasa? Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Baraka, hujui? Ni Yohana. Yohana Mbatizaji. Janis ni Yohana tu."

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaweka kisu chini.

Yani, babu yako alibatizwa Yohana. Yohana Ndekirwa. Usharika mzima ulimwita Mzee Yohana. Nilikwenda mpaka juu kwenye ukungu kutafuta jina la kumkomoa baba yangu, nikarudi na jina lake mwenyewe, na hatukujua, si mimi, si yeye. Alikaa miaka yote ile anakuita wewe kijana, na wewe ulikuwa ni yeye. Jumapili iliyofuata nilipanda Nkoaranga, nikaenda kule migombani alikolala, nikasimama. Nikasema, "Baba, ni Yohana. Mtoto ni Yohana." Kuku walikuwa wanachakura. Nilirudi zangu. Niliumia sana mwanangu, na hakuna mtu wa kumuomba radhi.

Haya, swali.

Unajua Janis amekuita kwa mafunzo ya kujenga nyumba za magogo, na baada ya hapo utarudi. Ndivyo tulivyokubaliana, ndivyo mama yako anavyowaambia majirani. Lakini wajina wako hana mtoto, na karakana yake ni kubwa. Wiki mbili zilizopita alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema taratibu, kwa Kiingereza chetu kile, ili nielewe: "Baraka, akipenda kubaki hapa, karakana itakuwa yake. Lakini wewe ndiye baba. Utakubali?"

Ujumbe huo nimeusikiliza nikiosha vyombo, nikiwa sokoni, nikiwa msalani. Angekuwa mtu mbaya ningepumua. Ningesema hapana, mambo kwisha. Lakini ni mtu mwema, na ameuliza kwa adabu. Sina pa kushika. Nimejaribu kukasirika nimeshindwa. Nimejaribu kufurahi, pia nimeshindwa. Bibi yako nilipomwambia akasema, "Wale wamisionari waliouawa zamani huko Akeri, si wanasema mmoja alitokea huko huko? Tuliua mtoto wao. Sasa wanachukua wetu." Nikamwambia mama, acha hayo. Nilimuuliza Janis, akasema amewahi kusikia, hajui kama yule mmisionari alikuwa Mlatvia hasa au Mjerumani wa kwao, lakini mama wa mtu yule alimngoja vile vile. Maneno hayo hayakunisaidia.

Ningeweza kukuambia baki nasi. Najua ungebaki. Ndiyo maana siwezi kusema. Baba yangu alinivuta shati nisipande mlima, na unaona tulivyoishia, tumepeana majina kama watu wanaopigana gizani. Na ningeweza kumwambia Janis ndiyo, mchukue. Hilo nalo mdomo haufunguki. Nakuona umesimama kwenye theluji na randa, umeoa kwa watu wa kitunguu na viazi, watoto wako wana s mwishoni mwa majina, wanakuja siku moja kunisalimia na sijui niwaambie nini. Ni maisha mazuri. Lakini yataniuma mpaka nife. Yote mawili ni kweli, na mimi ni mpishi tu, sijui cha kufanya.

Leo, mlipoondoka tu, nikasema nimjibu, yaishe kabla hujapanda ndege. Nikabonyeza pale pa kurekodi. Nikasema, "Yaani..." Nikakwama. Nikajaribu kutafuta neno linalofuata, sikulipata, kidole kikateleza, ujumbe ukaenda hivyo hivyo. "Yaani", na pumzi zangu, na redio ya gereji. Nilitaka kuufuta, nikaona ameshaufungua.

Akajibu papo hapo. Kwa sauti, na kelele za msumeno nyuma yake, Kiswahili chake kile kile cha mgongoni kwangu:

"Nipo, Baraka. Nipo."

Alidhani nimemwita, mwanangu. Kwake ile haikuwa sentensi iliyokwama. Ilikuwa jina lake bila s, na mtu akiitwa huitika. Nilikaa hapa mezani nikalia, fundi mmoja akachungulia kuomba chumvi akaondoka bila chumvi.

Swali lake sijalijibu, na sitalijibu. Nimegundua si langu. Litakuwa lako, huko, ukishaona.

Jambo moja tu nakuomba, nalo si agizo. Jina nililokupa, huko halitumiki kumtaja mtu. Watakapokuwa wanazungumza habari zako watakuita Janis, kama yeye, kama babu yako, na ni haki yao. Yani ni la kuitia tu. Basi siku nitakapokupigia, nikasema "Yani" halafu ukasikia kimya, usisimame kusubiri nimalizie, kama nilivyosimama mimi kwenye ukungu. Hakuna kinachofuata. Nitakuwa nakuita tu. Popote utakapokuwa umeamua kuishi, we itika.

Nasikia sauti ya mama yako huko barabarani, mmerudi. Nakunja.

Baba yako,
Baraka

Upo?